Masharubu ya Kabati la Tatu

Jumatatu asubuhi, chai haijapoa hata mezani, uso wa Mkurugenzi ulionekana ndani ya kabati la tatu, katikati ya konokono.

Haukuwa uso wa kubahatisha, kwamba labda ni ukungu, labda ni jani la kabichi limejikunja vibaya. Ulikuwa uso wake kamili, na miwani yake, na lile tabasamu lake la kwenye picha rasmi, tabasamu la mtu aliyelazimishwa kucheka na mpiga picha asiyempenda. Konokono mmoja alikuwa ametulia juu ya kipaji. Mwingine alikuwa njiani kuelekea sikioni.

Daktari aliitazama skrini, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti, akaivaa tena. Uso ulikuwa pale pale. Akaita jina moja tu, bila kupaza sauti.

"Vituko."

Vituko alikuwa fundi wa kamera wa maabara ile. Jina alilopewa na mama yake lilibaki kwenye vyeti, na vyenyewe havikuwa vingi, maana chuo alikiacha njiani, eti kilikuwa kinamkatiza mawazo. Daktari alikuwa mdogo wa mama yake, tumbo moja. Nyumbani alimwita Mama Mdogo. Kazini ilikuwa Daktari, na akijisahau akamwita Mama Mdogo mbele ya watu, alinuniwa mpaka jioni.

Na huyo Mama Mdogo ndiye aliyempa kazi pale wengine wote walipomchoka. Alimpa kwa sharti moja: utani aache getini. Vituko aliuacha getini wiki mbili hivi, halafu akarudi kuuchukua.

Mchezo wake uliokumbukwa zaidi ulikuwa wa tai. Alikata tai ndogo ya karatasi, akaibandika mbele ya lenzi kwa hesabu nzuri kiasi kwamba kila konokono aliyepita katikati ya picha alionekana amevaa tai. Daktari alituma picha hizo kwa mwenzake wa mbali bila kuona kitu, mpaka mwenzake alipomwandikia kumuuliza kama hao konokono wana mkutano. Vituko alipoitwa alikana, akaapa kwa kaburi la bibi yake. Sasa bibi huyo alikuwa ndiye mama yake Daktari, na kwa hiyo kiapo chenyewe kikawa kosa la pili. Siku hiyo Daktari alimwambia kwamba ikitokea tena hata mara moja, basi, kila mtu ashike njia yake.

Ndiyo maana Jumatatu hiyo Vituko aliposogea kwenye skrini na kuuona uso, kwanza alicheka. Alicheka kwa moyo wote, kama fundi anayeona kazi safi ya fundi mwenzake. Halafu akageuka, akamkuta Mama Mdogo anamwangalia, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Daktari, huyu si mimi," alisema.

"Naona. Huyo ni Mkurugenzi."

"Namaanisha sikumweka mimi."

"Kwa hiyo kaingia mwenyewe. Kafungua mlango, kakaa na konokono."

Vituko akainua mkono kutaka kuapa. Daktari akamwambia aushushe, amwache bibi yake apumzike kaburini.

Ubaya wa jambo ulikuwa mmoja. Mkurugenzi mwenyewe, mwenye uso wake, alikuwa anakuja Jumanne. Angeketi ukumbini juu, wangemwashia skrini kubwa, na picha za makabati zingeletwa hapo moja kwa moja, kila dakika moja picha mpya. Daktari alisema yote kwa utulivu wa kutisha. Uso ule ukionekana kesho, Vituko aache kitambulisho mezani na asirudi, na yeye Daktari ndiye atakayempigia dada yake simu kumweleza.

Simu hiyo ndiyo iliyomtia Vituko baridi. Mama yake alishasema zamani kwamba akifukuzwa na mdogo wake, asilete sanduku kwake, apeleke kwa hao wanaomchekea.

Ikawa kazi. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi pale, Vituko alikuwa na tatizo ambalo hakulitengeneza yeye, na hakujua hata pa kuanzia.

Makabati yalikuwa manne, yamepangwa ukutani, marefu kama mtu, kila moja na joto lake na unyevu wake. Daktari alitaka kujua konokono anaamuaje kujifungia ndani ya gamba hewa inapokauka, na konokono haamui jambo mbele ya watu. Kwa hiyo ziliwekwa kamera. Mwanzoni Vituko alizifunga ndani. Lenzi zikashika ukungu, na kamera ambayo haikushika ukungu ilipandwa na konokono, wakapata picha nyingi sana za tumbo lake. Ndipo akazihamishia nje, kila moja juu ya stendi yake, inachungulia ndani kupitia dirisha dogo la kioo. Kati ya kamera na kioo akavuta kitambaa kizito cheusi, kama mkono wa koti, kuzuia mwanga wa chumbani.

Maana konokono wale usiku wao ulikuwa mchana wa watu. Taa za kabati zilizimwa asubuhi na kuwashwa jioni, ili wanyama wa usiku watembee saa za kazi, na kamera ziliwaona kwa taa ambayo jicho halioni. Pale sakafuni palichorwa mstari wa njano. Upande huu mtu alifanya kazi taa zikiwaka kama kawaida. Akitaka kuuvuka mstari na kusogelea makabati, lazima azime taa zote za chumba kwanza, ashike tochi nyekundu. Sheria hiyo hata Vituko hakuwahi kuifanyia mzaha.

Akazima taa, akavuka. Kwa tochi nyekundu akaangalia kamera ya kabati la tatu, waya wake, stendi yake. Akapapasa kitambaa kushoto na kulia, kipo. Akachungulia picha kwenye skrini ndogo ya mgongoni mwa kamera. Konokono, kabichi, bakuli la maji. Mkurugenzi hayupo. Vituko akashusha pumzi, akarudi upande wa pili, akawasha taa, akaenda ofisini kifua mbele kumwambia Daktari kwamba mgonjwa kapona.

Mkurugenzi alikuwa anamsubiri kwenye skrini, na safari hii konokono alishafika sikioni.

Akabadilisha waya. Uso ukarudi. Akazima kompyuta yote na kuiwasha upya. Uso ukarudi. Akaing'oa kamera ya tatu akaibadilisha na ya pili, akisema moyoni kwamba kama ni shetani wa kamera atahama naye. Hakuhama. Kamera ya tatu ilipohamia kabati la pili ilipiga picha safi kama mtoto wa shule ya dini, na kamera ya pili, ambayo haikuwahi kuwa na kesi, ilipokaa kabati la tatu ikampiga Mkurugenzi miwani na yote. Na kila alipovuka mstari kumtazama kwa macho yake, jamaa alitoweka. Akirudi ofisini, jamaa kakaa.

Bwana Kabichi aliyaangalia hayo yote akiwa mezani pake, mle mle chumbani, upande huu wa mstari, anakata majani. Alikuwa mlishaji wa konokono, mtu mpana, mpole, mwenye kisu kikali na maneno machache.

"Umejitahidi safari hii," alimwambia Vituko aliporudi mara ya sita au ya saba, jasho linamtoka. "Ile ya tai ilikuwa ya kitoto. Hii ina akili."

"Si mimi, kaka."

"Na hapo ndipo utamu ulipo. Unavyokana mpaka unatia huruma."

"Kaka, nakwambia kweli."

Bwana Kabichi akamkatia kipande cha kabichi, akampa, kama mtu anayempa msanii zawadi. Vituko akakitafuna kwa uchungu. Mbele yake ukutani, juu ya meza hiyo hiyo ya kabichi, Mkurugenzi alikuwa anawatazama wote wawili kutoka kwenye fremu yake. Picha hiyo nayo ilikuwa ngeni. Jumamosi Daktari alikuja peke yake kuandaa ugeni. Alipiga deki, alifua kila kilichofulika, akatundika picha rasmi ya Mkurugenzi pale ukutani na kuiwekea taa ndogo juu yake, ya heshima. Kwa hiyo hesabu ya Daktari ilikuwa rahisi: Vituko kaikuta picha, kaipiga, kaibandika kwenye kompyuta. Hata Vituko mwenyewe, kama angeulizwa nani kafanya, angejitaja.

Jioni nyumbani mama yake alimpakulia chakula bila kumsemesha. Alipomaliza kula, mama, aliyeshadokezwa na mdogo wake, akamuuliza kama ni kweli kamgeuza mgeni wa watu kuwa konokono. Vituko akasema si yeye. Mama akasema, "Ndivyo ulivyosema na kuku wa jirani," akaondoa sahani.

Jumanne asubuhi uso ulikuwepo. Daktari aliuona, hakugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa amevaa koti lililonyooshwa mpaka likawa na makali. Alimwambia Vituko aunganishe skrini ya ukumbini na makabati matatu tu, la kwanza, la pili na la nne. La tatu aling'oe waya.

"Ukimaliza, kitambulisho uache mezani kwangu," alisema. Halafu akaongeza kwa sauti nyingine, ile ya nyumbani, "Nilikutetea mbele ya kila mtu, wewe mtoto. Kila mtu."

Vituko alitaka kusema kitu, lakini alishakisema mara nyingi mno kwa mambo ambayo kweli aliyafanya. Akapanda ukumbini, akaunganisha, akashuka.

Chumba cha makabati kilikuwa kitupu. Bwana Kabichi alikuwa amepelekwa getini kupokea wageni kwa sababu ya upana wake. Taa zilikuwa zinawaka. Vituko akakusanya vitu vyake: bisibisi, koleo, vipande vya waya, roli la solotepu nyeusi ya mafundi wa umeme. Akainua macho, akakutana na Mkurugenzi ukutani, na tabasamu lake lile.

Akafikiri: nafukuzwa kwa kosa lisilo langu. Akafikiri tena: maisha yangu yote nimefanya makosa mengi na kuponyoka, leo naondoka mikono mitupu. Hilo la pili ndilo lililomuuma. Mtu akifungwa kwa kuiba mbuzi, basi angalau awe amemla.

Akapanda juu ya kiti cha Bwana Kabichi. Akakata solotepu vipande viwili, akavichonga kwa mkasi, taratibu, kwa upendo, akavibandika chini ya pua ya Mkurugenzi. Yakawa masharubu manene, ncha zimepinda juu. Yalimkaa vizuri, hakuna ubishi. Ghafla tabasamu lile likapata maana.

Akashuka, akaenda ofisini kuacha kitambulisho. Kilikuwa tayari kimetua mezani alipotupa jicho kwenye skrini.

Kabati la tatu. Konokono, kabichi, bakuli la maji. Mkurugenzi. Masharubu.

Vituko alisimama hapo, mkono bado juu ya kitambulisho. Hakuna kompyuta iliyobandikwa kitu. Hakuna mtu aliyejua habari ya masharubu ila yeye, na yana dakika mbili tangu yazaliwe. Akautazama uso upya, na safari hii akautazama kama fundi: nywele zilichanuliwa upande wa kulia. Kule ukutani zimechanuliwa kushoto. Kioo. Mungu wangu, ni kioo tu. Dirisha la kabati linamtazama Mkurugenzi na kumrudisha kama kioo cha kunyolea, na kila wanapokwenda kumkagua wanazima taa kwanza, wanamzima na yeye.

Alicheka. Kicheko kikafika nusu, kikakumbuka jambo. Waya wa kabati la tatu. Daktari alisema aung'oe. Alikuwa na uchungu sana wakati ule, na mtu mwenye uchungu hahesabu waya. Alikuwa ameunganisha ukumbini makabati yote manne.

Akatoka mbio. Mlangoni pa chumba cha makabati akagongana na Daktari anayeshuka kutoka ukumbini, koti lake lile la makali likiwa limepoteza makali yote.

"Masharubu," alisema Daktari.

"Mama Mdogo, subiri, ni—"

"Yupo juu. Amekaa mbele. Anajiangalia. Ana konokono puani na masharubu."

Vituko hakubishana. Alimshika mkono mama yake mdogo, jambo ambalo kazini halijawahi kutokea, akamsimamisha mbele ya picha ya ukutani ayaone masharubu yenyewe. Akamwonyesha kwenye kompyuta ndogo ya Bwana Kabichi, ile anayoandikia ulishaji: uso na masharubu. Akazima taa za chumba, wakangoja. Picha mpya ikaja, konokono peke yao. Akawasha. Wakangoja. Mkurugenzi akarudi na masharubu yake.

Daktari alikuwa mwanasayansi wa kweli, hasira yake ilikuwa inakimbizana na udadisi, na udadisi ukashinda.

"Lakini pale kuna kitambaa," alisema. "Kitambaa kinazuia."

Wakazima taa, wakavuka mstari. Vituko akapapasa pembeni kama alivyopapasa jana, kipo. Halafu akapandisha mkono juu, pale ambapo jana hakuwa na sababu ya kufika, na vidole vikapita moja kwa moja mpaka kwenye kioo. Kitambaa kilikuwa kifupi. Kilikuwa kimesinyaa, juu kumebaki uwazi wa kupitisha kiganja, na mwanga wote wa picha ile ya heshima na taa yake ndogo ulikuwa unapitia hapo.

"Hiki kimefuliwa," alisema Vituko. "Kwa maji ya moto. Nani alikifua?"

Gizani Daktari alishika ncha ya kitambaa, akaikunja, akaikunjua.

"Kilikuwa na doa," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "La mbele kabisa. Mgeni angeliona."

Vituko akauma mdomo. Maneno yalimjaa kinywani, matamu, ya kumtosha mwaka mzima, na akayameza moja baada ya lingine.

Ndipo wakasikia miguu ya watu kwenye ngazi, na sauti nzito ya Bwana Kabichi ikimwelekeza mgeni njia, taratibu kuliko ilivyohitajika. Daktari akawasha taa. Akaitazama picha, akamtazama Vituko, akapanda juu ya kiti kwa viatu vyake vya kikao, akabandua masharubu kwa mkupuo mmoja. Alipofika chini, Mkurugenzi alikuwa mlangoni.

Alikuwa mfupi kuliko picha yake. Akasalimia, akaangalia makabati, akaiangalia picha yake ukutani, akaiangalia kidogo zaidi ya ilivyo kawaida.

"Nimejiona kule juu," alisema. "Nilikuwa na masharubu."

Vituko alifungua mdomo. Alikuwa ameamua kusema, kwa mara ya kwanza maishani, ni mimi. Lakini Daktari alimtangulia.

"Ni konokono, mheshimiwa," alisema Mama Mdogo, uso mkavu kama hati ya mahakama. "Kioo kilirudisha picha yako ndani, kosa la kitambaa, tumeshaliona. Kisha konokono wawili wakakaa hapo. Chini ya pua."

"Wawili."

"Hupenda kukaa wawili wawili."

Bwana Kabichi, aliyewalisha konokono wale miaka yote na kujua wanapenda kukaa vipi, aligeukia kabichi zake na kuanza kuzipanga upya.

Mkurugenzi akatikisa kichwa polepole. Akauliza habari za unyevu, akauliza za joto, na maswali yake yalikuwa ya mtu anayejua. Daktari alimjibu yote, mikono nyuma. Mkurugenzi akasema kazi ni nzuri, iendelee. Akamuuliza Vituko kama ndiye fundi wa kamera, Vituko akasema ndiyo, mheshimiwa, na akajiona amejibu swali gumu kuliko lilivyosikika. Mama Mdogo akadakia, "Ndiye fundi wetu."

Mgeni aliaga. Mlangoni akampa Daktari mkono, naye Daktari kwa furaha ya kumaliza akasahau kwa nini alikuwa ameuficha mkono nyuma, akautoa. Mkurugenzi aliushika, akauangalia, akaugeuza kidogo kwenye mwanga.

"Daktari," alisema kwa upole, "unabaki na masharubu yangu."

Yalikuwa yamemganda kwenye kiganja, yote mawili, ncha zimepinda juu. Mkurugenzi akayabandua taratibu, akayaweka kwenye mfuko wa shati, akapanda ngazi. Walimsikia kule juu anakohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa kikohozi.

Daktari alikipangusa kiganja kwenye koti. Kisha akamwambia Vituko kwamba ile solotepu hatataka kuiona tena katika jengo hili, kwamba ataosha mabakuli ya konokono mpaka mwezi uishe, na kwamba kitambulisho asikiache ovyo mezani kwa watu, si karanga. Halafu akaenda kunywa maji.

Kitambaa kipya kilishonwa siku hiyo hiyo, kirefu, na Vituko akakifunga mwenyewe juu na chini. Picha ya Mkurugenzi ikahamishiwa ukumbini. Vituko alikipapasa kitambaa mara tatu kabla ya kwenda nyumbani, na mama yake alipomuuliza yaliyotokea, akasema walikuwa konokono.

Jumatano asubuhi alikuja mapema, akaweka chai yake, akawasha skrini.

Kabati la kwanza, safi. La pili, safi. Katika kabati la tatu, katikati ya majani ya kabichi, alikuwepo yeye. Ilikuwa picha yake ya kitambulisho, imekuzwa, macho yamemtoka kama alivyopigwa siku ile ya kwanza kazini. Konokono alikuwa amemkalia pua. Shingoni alikuwa amevalishwa tai ndogo ya karatasi.

Vituko akageuka. Daktari alikuwa dirishani, amempa mgongo, kikombe mkononi, anaangalia nje kwa makini mno mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Daktari," alisema Vituko, "kitambaa cha la tatu kimetolewa."

"Kina doa," alisema Mama Mdogo, bila kugeuka.